Hina Mkononi mwa Mjane

Inspekta Ummkulthum Shaame hakuwa na ugomvi na mashine. Nyumbani kwake Jadida alikuwa na ya kufulia nguo, akiipenda kuliko baadhi ya jamaa zake, na hilo hakulificha. Ugomvi wake wa asubuhi ile ulikuwa na jambo jengine kabisa: kuambiwa kesi imekwisha ilhali hapana mlango hata mmoja ambao mpelelezi alikuwa amevua viatu akaingia.

"Imekwisha," alirudia Afande Abdulsamad, mkuu wa upelelezi, akiigeuza skrini ya kompyuta yake ili na yeye aone. Alikuwa mtu mwema, mnene kidogo, mwenye kupenda mambo yaende kwa haraka, na tangu kituo kiletewe mfumo mpya wa kutambua nyuso alikuwa akitembea kama baba aliyepata mtoto wa kiume baada ya mabinti wanane.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jana yake mkufu wa dhahabu wa binti mmoja aitwaye Nazia, anayeolewa Ijumaa, ulipelekwa kwa Ramji, sonara mkongwe wa hapo Chake, ukaungwe kifungo. Baada ya kuletwa mkufu aliingia mteja mmoja tu, mwanamke aliyevaa buibui, uso wazi. Alipotoka, Ramji alitafuta mkufu asiuone. Kamera ya dukani ilikuwa imempiga picha yule mwanamke. Picha ikatiwa kwenye mfumo, mfumo ukailinganisha na picha za watu waliojiandikishia vitambulisho, na kabla chai ya mkuu haijapoa ukatoa jina: Kazija, mkaazi wa Mtambile, mjane. Asilimia tisini na sita.

Ummkulthum alivaa miwani yake akainama kwenye skrini. Hakuutazama uso. Uso ulikwishatazamwa na mashine, na yeye hakuona sababu ya kurudia kazi ya mwenzake. Aliutazama mkono uliokuwa juu ya kioo cha meza ya sonara, na kitu kinachong'aa kati ya vidole, ambacho mkuu alikwishakiita mkufu.

"Mjane tangu lini?" aliuliza.

Aliyejibu ni Sajini Suhail, fundi wa mfumo aliyeletwa kutoka Unguja, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole na ndevu alizozichana vizuri kila siku. Alisema mume wa huyo bibi, Himid, fundi seremala, alifariki mwezi uliopita.

"Basi yumo edani, hatoki wala hajipambi."

"Ndiyo, afande."

"Na hina hii?"

Wote watatu wakatazama. Vidole vya yule mwanamke vilikuwa na hina iliyokoza vizuri, hadi kwenye vifundo, hina ya mtu aliyekaa akatulia ikamshika. Suhail alikohoa kidogo. Akasema mfumo husoma uso tu, mikono hauijui. Akalisema hilo kwa unyonge, mfano wa mtu anayemtetea mwanawe mbele ya mwalimu.

Afande Abdulsamad alisema mtu anayeweza kuiba mkufu wa bi harusi haoni tabu kujipaka hina edani. Baba yake Nazia alikwishapiga simu mara chungu nzima, na wakubwa wa Unguja walikuwa wanasubiri kusikia mfumo umekamata nini Pemba. Akishaswali alaasiri atasaini karatasi, gari liende Mtambile limchukue bibi huyo.

Hapo Ummkulthum aliwakumbusha, kwa adabu zote, juu ya mwongozo uliokuja pamoja na mfumo. Pale kituoni walioumaliza kuusoma walikuwa wawili, yeye na Suhail, na Suhail alilipwa kuusoma. Mwongozo ulisema jina linalotoka kwenye mfumo ni fununu, si ushahidi, na asikamatwe mtu kwa fununu hiyo peke yake mpaka afisa ahakikishe kwa njia nyengine.

"Hakikisha basi," alisema mkuu. "Una mpaka alaasiri. Lakini Ummkulthum, mashine haina shangazi wala mjomba kisiwani hapa. Haimpendelei mtu."

Neno hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilimkera njia nzima.

Mtambile walifika jua limeshapanda. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto, kila uwanja una jamvi lake na kila jamvi lina karafuu zake zikianikwa, na Suhail, ambaye pua yake ya Unguja ilikuwa haijazoea wingi ule, alipiga chafya kutoka njia kuu hadi mlangoni. Ummkulthum alimwambia akae barazani asithubutu kunyoosha shingo. Mwanamke aliye edani haonwi na mwanamme asiyekuwa maharimu wake, awe na cheo awe hana.

Alipiga hodi, akavua viatu. Aliyempokea ni mama wa marehemu, bibi mwembamba aliyesimama katikati ya mlango kama aliyeajiriwa kuulinda. Ummkulthum alimpa pole ya msiba, akamuombea marehemu, akaulizia afya ya kila mtu mpaka zikaisha, ndipo akauliza kama Kazija alitoka jana.

"Yuno?" alisema bibi yule. "Hajatoka tangu mwanangu atolewe. Mie ndie nlalaye hapano mlangoni. Atoke apite wapi, juu yangu?"

Ulikuwa ushahidi mzuri, na Ummkulthum alijua Abdulsamad atausemaje: mama mkwe, nyumba moja, wanalindana. Aliomba aingie chumbani.

Kazija alikuwa amekaa juu ya mkeka, kajifunika kanga nyeupe, anashona kofia ya viua iliyokuwa nusu. Ummkulthum hakuuliza ni ya nani. Kofia ya namna ile huanzwa kwa kichwa kimoja maalumu, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeshazikwa. Mwanamke alikuwa anaimalizia tu kwa kuwa hakujua kuiacha.

Kilichomshangaza inspekta ni uso. Kazija alikuwa mweusi wa kupendeza, uso mviringo, mashavu yamejaa, pua fupi. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa maji ya kunde, uso mrefu, kidevu kimechongoka. Mtu asingeweza kuwachanganya wawili wale hata kwa mwanga wa koroboi. Na mikono ya Kazija ilikuwa mitupu, kucha nyeupe, haina hata kivuli cha hina.

Kwa hivyo mashine imekosea, alijiambia, na akasikia furaha ndogo ambayo hakujivunia. Akakitoa kishikwambi cha Suhail akamuonesha picha, kutimiza utaratibu tu.

"Bi Kazija, wamjua huyu?"

Sindano ilisimama. Kazija aliitazama ile picha kwa muda, akaiweka kofia chini, akajifuta viganja kwenye kanga.

"Ndie mie," alisema.

Katika kazi yake Ummkulthum alikuwa ameshuhudia watu wakikana picha zao wenyewe, wakikana sauti zao, na mmoja aliyekana jina lake alilopewa na babaake. Mtu wa kudai uso usio wake hakuwa amepata kumuona.

"Weye?"

"Mie. Nlikwenda kwa Ramji jana. Hicho kilichopotea kama mwasema nimechukua, basi nimechukua. Kitambulisho changu hicho hapo juu ya kabati, chukua utazame."

Alikichukua. Jina lilikuwa la Kazija, mahali pa kuzaliwa Wawi, kila kitu sawa. Na picha ilikuwa ya yule yule mwanamke wa uso mrefu.

"Wajua unalolisema?" Ummkulthum alimuuliza polepole. "Leo alaasiri litakuja gari. Utatolewa edani mbele ya mtaa mzima. Itasemwa ulikuwa mjini kwa sonara na hina mkononi, na mumeo hata kaburi halijakauka."

Machozi yalikuwa yamekwishamjaa Kazija machoni, lakini kidevu hakikutikisika. "Nimesikia," alisema. "Niandike."

Mlangoni mama mkwe alikuwa amesikia yote. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Ummkulthum aliona jinsi mwanamke yule kijana alivyomtazama mkwewe kwa kuomba radhi bila ya kusema, na moyo wake ukamuuma kweli. Mtu anayekiri wizi kwa sura ile ana mtu anayempenda nyuma ya mgongo wake.

Alitoka barazani. Suhail alikuwa amepewa chai na mkate wa kumimina na jirani, na alikuwa katika hali nzuri kuliko aliyokuja nayo.

"Sajini," Ummkulthum alimwambia, "mashine yako ilipotoa jina la kwanza, la pili lilikuwa nani?"

Suhail aliacha kutafuna. Alieleza kwamba mfumo hutoa orodha ya watu wanaokaribiana, mmoja baada ya mwengine, lakini mkuu alimuomba uoneshe wa juu tu, majina mengi yanachanganya watu. Mwongozo ulitaka yatazamwe yote na mtu. Yeye alikuwa ameusoma huo mwongozo. Alilisema hilo akiwa ameinamia kikombe.

"Yatazame sasa."

Alibonyeza hapa na pale. Wa pili alikuwa Nusaiba, mkaazi wa Wawi, asilimia tisini na tano na kidogo. Suhail aliziweka picha mbili sambamba, ya Kazija na ya Nusaiba. Ilikuwa sura moja. Kwenye ya kwanza alikuwa mwanamwari, kwenye ya pili mtu mzima, lakini kidevu ni kile kile, na jina la baba ni lile lile.

"Pacha?" alinong'ona Suhail.

"Huyo wa ndani mviringo kama chungu cha wali, Mungu ambariki. Hapana pacha hapa. Hapa pana mtu mmoja aliyekaa mbele ya kamera mara mbili."

Mashine, kumbe, haikuwa imekosea uso. Ilikuwa imepewa jina la mtu mmoja na sura ya mwengine na watu wenyewe, zamani, ikaweka amana ile kwa uaminifu mpaka ilipoombwa. Ummkulthum alitazama tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Kisha akamtazama msichana mdogo aliyekuwa anapita uwanjani na juzuu yake kifuani, anarudi kutoka chuoni, uso mviringo, pua fupi. Akamuita, akamuuliza jina, akamuuliza amezaliwa mwaka gani. Alipojibiwa mwaka ule ule wa kwenye kadi alimshika shavu akarudi ndani.

"Bi Kazija," alisema, akikaa safari hii juu ya mkeka, goti kwa goti, "waandikishaji walipokuja ulikuwa umezaa."

Kazija aliivuta kanga yake mbele.

"Ulikuwa kwenye arubaini yako. Mzazi hatoki. Wao wamekuja skuli na kamera yao, na siku ndio inakwisha. Mdogo wako akavaa buibui lako akenda akakaa kwenye kiti, akaulizwa wewe nani, akasema mie Kazija. Baadaye yeye alipofikia umri akenda kuchukua chake. Na hapa kwetu mtu anajulikana kwa uso wake, nani anatazama kadi."

Hapo ndipo Kazija alipolia, kwa sauti ya chini, kanga mdomoni. Ilichukua muda. Alisema ilikuwa hivyo hivyo, na kwamba Himid alikuwa akicheka kila wakiitoa ile kadi, akisema yeye kaoa mmoja serikali ikamuandikia wawili. Leo alipouona uso ule kwenye kishikwambi alijua ni Nusaiba, na alijua akisema si yeye, swali la pili litakuwa ni nani.

"Nusaiba si mwizi," alisema. "Na hata akiwa mwizi, ni wangu. Mie nishafiwa. Sina la kuharibikiwa tena. Yeye mumewe kaja juzi kutoka Unguja, ana raha yake. Niache niende mie."

Ummkulthum hakumwambia kitu cha kumtuliza, maana hakuwa nacho bado. Kumuokoa huyu kulikuwa na maana ya kumpeleka yule. Aliomba ruhusa akatoka, akavaa viatu vyake kwa haraka mpaka akavikosea mguu.

Wawi walimkuta Nusaiba uwanjani kwake anachambua karafuu, vikonyo upande huu, karafuu upande huu. Uso mrefu, kidevu kilichochongoka, na hina mpaka vifundoni. Suhail, aliyekuwa amemtazama mwanamke huyu kwenye skrini tangu jana, aliona haya ghafla akaenda kusimama karibu na gari.

Ummkulthum alikuwa na njia yake ya kuhoji ambayo haimo katika mafunzo ya polisi. Alikaa jamvini, akajivutia fungu, akaanza kuchambua. Mtu ni vigumu kumdanganya anayekusaidia kazi. Waliulizana hali, wakausema msimu, bei, na mvua. Kisha bila ya kuinua macho akauliza kama Nusaiba alikwenda kwa Ramji jana.

Nusaiba alikubali mara moja. Alipoulizwa alifuata nini, alifunga mdomo. Mkufu hakuuona, aliapa, na wala hakujua kuna mkufu uliopotea. Lakini lililompeleka hakutaka kulisema. Aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa ukali kidogo, akaambiwa ya kwamba kunyamaza kutamtia matatani. Alizidi kuchambua haraka haraka, vikonyo vikiangukia kwenye karafuu na karafuu kwenye vikonyo.

"Basi nikwambie mimi," alisema Ummkulthum. "Mashine ya kituoni ilikuona wewe ikataja jina la dadaako, kwa ile picha mnayoijua nyinyi. Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemuonesha sura yako. Kasema ni yeye. Kakiri wizi. Alaasiri anakuja kutolewa edani."

Mikono ya Nusaiba ilisimama. Alijifunika uso kwa viganja vyake vya hina, akalia. Halafu akalifungua pindo la kanga yake, fundo kwa fundo, akatoa pete akaiweka juu ya jamvi.

Ilikuwa pete ya fedha ya kiume yenye jiwe la akiki jekundu. Ilikuwa ya Himid. Baada ya mazishi Kazija alimpa mdogo wake aitunze kwa kuwa kila akiiona anashindwa kula. Lakini usiku mmoja alipolala kwake Nusaiba alimuona akijipapasa kidole na kuulizia pete iko wapi, kisha akisema iache, iache. Ndipo akaamua aipeleke kwa sonara ipunguzwe, kimya kimya, ampe siku atakayotoka eda, siku ambayo mwanamke huoga, akavaa, na hajui ajipambie nani.

"Nilimpa Ramji kidole changu akipime, akasema niirudishe wiki ijayo," alisema. "Sura zetu mbali mbali, lakini vidole sawa. Tokea wadogo tukivaa pete moja kwa zamu. Bi Afande, nchukue mie, ila hili la pete usimwambie. Akijua kabla, haitakuwa kitu."

Ummkulthum alikuwa amevua miwani akiifuta, ingawa haikuwa chafu. Aliishika ile pete akailinganisha na picha. Kwenye picha, katika vile vidole vya hina, kulikuwa na kitu kinachong'aa ambacho mkuu alikiita mkufu. Sasa alijua ni nini. Lakini hakuna hakimu atakayekubali kung'aa. Mkufu ulikuwa bado haupo, na jua lilikuwa limeshapindukia.

Ramji sonara alizaliwa Chake, na baba yake alizaliwa Chake, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko cha inspekta. Duka lake lilikuwa chumba kimoja mbele na nyumba nyuma, ambako mkewe Kusum alikuwa akimsikiliza kila anachosema na kukisahihisha kupitia pazia. Ummkulthum alimuuliza swali moja kwanza: tangu mkufu upotee, duka limepekuliwa na nani?

"Na nani?" alishangaa mzee. "Polisi wameya, wameitwaa picha, na asubuhi wakanipigia simu ntu kashajulikana. Sasa ntafute nini, Bi Afande, nanyi mwajua uliko?"

Suhail aliinamisha kichwa. Ummkulthum hakumtazama, kwa kumhurumia. Ndivyo ilivyokuwa: jina lilipotoka tu, kila mtu aliacha kutafuta, polisi, sonara, hata bi harusi. Mashine ilikuwa imejibu swali la nani kaingia dukani. Waliobaki wakajifanya imejibu na la nani kaiba, kumbe hilo haikuulizwa.

Alitazama kamera. Ilikuwa imefungwa juu ya kichwa cha Ramji, jicho lake limeelekea mlangoni. Iliona kila mteja tangu kizingiti hadi meza. Sonara mwenyewe na mikono yake haikumuona hata mara moja.

"Mzee wangu," alisema, "hebu nifanyie kazi yako." Akavua kidani chake mwenyewe, cha nyuzi nyembamba, alichopewa na marehemu mamaake, akampa. "Jifanye ndio mkufu wa Nazia. Umekwisha kuutia kifungo. Usifikiri. Fanya."

Ramji alicheka, akaona aibu, lakini akakaa kwenye kigoda chake. Alikishika kidani kwa koleo, akakipulizia, akakikagua kwa jicho moja. Mkono wake wa kushoto ukaanza kwenda pembeni wenyewe, chini ya meza, upande wa kulia wa taa, ukiwa na kidani. Ukafika, ukapapasa hewa. Hapakuwa na kitu.

Mzee akabaki ameushikilia mkono vile vile.

"Hapo pana nini siku zote?" aliuliza Ummkulthum.

"Kikombe," alisema Ramji, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kikombe cha maji ya ukwaju. Kila nikishaunga hutia mle, dhahabu itakate. Tangu babaangu. Kusum, kikombe changu ki wapi?"

Kusum alisema kikombe kile kilikuwa kimechafuka, maji yamekuwa tope, na jana mchana alipokuja kufagia alikiondoa. Hakukimwaga, maana mara ya mwisho alipokimwaga alinuniwa. Alikitia dirishani jikoni akakifunika kwa sahani.

Alikileta kwa mikono miwili. Ramji alichovya vidole kwenye maji yale ya kahawia akautoa mkufu wa Nazia, unatiririka, umetakata kama uliotoka kuzaliwa. Mzee aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kulia kimya kimya, akisema kamsingizia mtoto wa watu, kamsingizia mtoto wa watu, na Kusum, ambaye maisha yake yote alikuwa akimsahihisha, safari hii alimshika bega tu.

Ummkulthum alimwambia hakumsingizia mtu. Yeye alisema tu kapotelewa, na kweli alipotelewa. Waliomtaja mtu walikuwa wengine, na mmoja wao alikuwa yuko njiani kwenda kuswali alaasiri.

Walimuwahi Abdulsamad anatoka msikitini, viatu mkononi. Alisikiliza yote pale pale kwenye ngazi. Habari ilipofika kwenye kikombe cha ukwaju, mkuu alikaa chini. Hakujitetea, na kwa hilo Ummkulthum alimsamehe mambo mengi ya nyuma. Aliuliza tu kama inafaa aende mwenyewe Mtambile kumtaka radhi yule bibi.

"Yumo edani, afande. Mpeleke mkeo."

Mkewe alikwenda siku hiyo hiyo, na sinia la halua.

Ripoti waliiandika pamoja, na Ummkulthum hakuficha kitu ndani yake kuhusu kitambulisho. Aliandika kwamba picha si ya mwenye jina, akaeleza kwa nini, akapendekeza irekebishwe bila ya mashtaka, na mkuu akatia saini chini yake bila ya kuambiwa mara mbili. Suhail alifanya la kwake bila ya kutumwa. Alirudisha orodha nzima ya majina kwenye skrini, na chini yake akatengeneza nafasi ambayo isipojazwa mfumo hauendelei mbele. Palikuwa pameandikwa: Afisa gani amekwenda kumuona mtu huyu kwa macho yake?

Kuhusu lililompeleka Nusaiba kwa sonara, ripoti ilisema alipeleka pete kupunguzwa. Haikusema ya nani.

Kabla ya magharibi Ummkulthum alikuwa Mtambile tena, amevua viatu. Mama mkwe hakuwa mlangoni. Alikuwa chumbani kwa mkwewe, amekaa nyuma yake anamsuka nywele, na ilionekana wawili hao walikwishasemezana. Inspekta aliwaeleza mkufu umepatikana, ulikuwa haukuibwa na mtu. Akamrudishia Kazija kitambulisho, akamwambia siku atakapotoka eda aje mjini apigwe picha, na safari hii aje na uso wake mwenyewe.

Kazija alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha pua kilichochanganyika na machozi. Kisha akauliza Nusaiba alikuwa anafanya nini kwa Ramji.

"Hilo halina kesi," alisema Ummkulthum. "Polisi hawalijui."

Alikuwa hajui kudanganya vizuri, na Kazija alimtazama kwa makini, kisha akayaacha. Aliishika kadi kwenye mwanga wa dirisha akaitazama ile sura ndefu ya mdogo wake, iliyokaa juu ya jina lake miaka yote hiyo.

"Kwa hivyo mashine ilimuona Nusaiba, ikasema Kazija," alisema.

"Ndivyo."

Aliipangusa kadi kwa pindo la kanga, akaitia ndani ya ile kofia ya Himid, akachukua sindano yake.

"Basi haikukosea sana," alisema.